Jina Ndani ya Kishikwambi

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, na kazi yangu hasa ni kuwafundisha watoto kusoma. Mwanangu wa kike alikuwa na miaka minane, yuko darasa la pili katika shule hiyohiyo ninayofundisha, na alikuwa hajui kusoma. Nalisema mapema kwa sababu mtaani kwetu Masasi watu walilijua kabla mimi mwenyewe sijalikubali. Nikienda sokoni Mkomaindo kununua dagaa, niliona wanawake wanaulizana kwa macho tu. Mwalimu gani huyu.

Si kwamba alikuwa mzito wa akili. Nyumbani alikuwa na mdomo haswa. Alichanganya Kiswahili na Kimakonde cha bibi yake, akasimulia ugomvi wa majirani mpaka unacheka peke yako jikoni, na ukimtuma dukani huwezi kumwibia chenji. Lakini mweke mbele ya herufi, uso unafungwa. Leo ameijua "ba", kesho anaitazama kana kwamba hawajawahi kukutana. Kuna kitabu kimoja cha hadithi alikikariri chote kwa kunisikiliza mimi nikimsomea. Akawa anafunua kurasa na kutamka maneno kwa mwendo uleule wa sauti yangu, hata pale ninapokohoa alikuwa anakaa kimya kidogo, na wageni wakamsifu. Mimi peke yangu niliona kwamba macho yake yako dirishani.

Nilimpeleka Ndanda, hospitali ya misheni, apimwe macho na masikio. Tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi, yeye akimuuliza kila nesi anayepita jina la kifaa alichobeba. Tulipoingia, mganga akampima taratibu bila haraka, kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi, macho mazima, masikio mazima. Mama mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilitoka pale nimenywea. Nilitaka waniambie kuna kitu, chochote kile, kitu chenye dawa, maana kama masikio ni mazima na macho ni mazima, basi aliyebaki na kasoro ni mimi. Nilimnunulia karanga akala njia nzima huku akiniuliza kwa nini sina raha.

Hasira zangu ziko karibu, silifichi hilo. Jioni, vyombo vikishaoshwa, nilikuwa namkalisha mezani na rula mkononi. Yeye sikumpiga, ila meza ilipigwa mpaka mguu mmoja ukalegea. Baba yake ni fundi umeme, wiki nzima yuko vijijini kwenye kazi, na akirudi Ijumaa ananikuta nimefura. "Mama Fulani," ananiambia, "mwache mtoto apumue." Hilo "Fulani" naliweka mimi hapa, yeye hutaja jina la binti yetu, kwa sababu huku mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake. Kwetu ni Makete, kwenye baridi. Nilikuja Masasi kwa ajira ya serikali nikiwa msichana, nikaolewa na Mmakonde wa Newala, na tangu nimzae huyu binti jina langu nalisikia kwenye vikao vya kazi tu.

Sikulalamika, kwa sababu binti nilimpa jina la mama yangu mzazi. Mama alifariki mimba ikiwa changa, hakuwahi kujua. Kwa hiyo kila mtu aliponiita "Mama" akaongeza jina lile, mimi nilikuwa nasikia mama yangu anaitwa. Sokoni, kanisani, kwenye geti la shule, mama yangu ambaye hajawahi kukanyaga Masasi alikuwa anaitwa mchana kutwa na watu wasiomjua. Hilo lilinitosha kabisa.

Mwaka huo shule ilipata vishikwambi vichache kutoka kwenye mradi mmoja, pamoja na programu ya kusoma ya mtandaoni. Ndani ya programu kuna sungura mdogo mwenye shati jekundu. Anaonyesha herufi na kuitoa sauti yake, si jina la herufi bali sauti yenyewe, mmm, sss, na mtoto anaigusa na kuirudia. Kutoka sauti wanakwenda kwenye silabi, kutoka silabi kwenye neno, na kila hatua nyota inawaka kwenye njia iliyochorwa juu. Mtoto akikosea, sungura hakasiriki. Anasema jaribu tena, hata mara mia. Nilikuwa namtazama nikiona wivu kwamba mnyama wa kwenye kioo ana subira kuliko mimi.

Kila mwanafunzi anafunguliwa ukurasa wake. Mwalimu anaandika jina la mtoto, halafu programu inamtaka alitamke na kulirekodi, ili sungura awe anamwita mtoto kwa jina. Kwa hiyo sungura anapongeza kwa sauti yake mwenyewe, "vizuri sana," kisha inafuata sauti ya mwalimu ikitaja jina. Nilijifungia ofisini wakati wa mapumziko nikarekodi majina ya darasa zima, moja baada ya jingine, huku watoto hao hao wakipiga kelele nje. La mwanangu nililiacha la mwisho. Nililirudia hadi likatoka laini, kama mama yangu alivyokuwa anaitwa na dada zake.

Mtandao pale shuleni unashika vizuri sehemu moja tu, chini ya dirisha la ofisi linalotazama mlima. Tukapanga madawati pale, watoto wakawa wanakuja kwa makundi. Wenzake walipanda haraka. Yeye wiki za mwanzo alibaki palepale, sungura anamwambia jaribu tena, jaribu tena, na mimi nimejikaza kisabuni, nasahihisha madaftari ya wengine nisimwangalie. Halafu asubuhi moja nikasikia anatoa sauti polepole, "k-u, ku. K-u, ku." Kisha akageuka. "Mwalimu," akasema, maana shuleni huniita mwalimu kama wenzake, "ni kuku." Nilimwambia vizuri, endelea. Nikaenda nyuma ya ofisi nikalia kwenye kitenge changu mpaka kengele ikagongwa.

Ilipofika Juni alikuwa anasoma maji, samaki, kaka, mama. Si mengi, wenzake walikuwa wanasoma sentensi. Lakini ilikuwa ni mara yangu ya kwanza kulala usingizi wa kueleweka. Mwisho wa mwaka watoto wa darasa la pili wanapimwa kusoma, na mwalimu mkuu alishatuambia kwamba asiyesoma atarudia, awe wa nani. Mwanangu alikuwa amesharudia la kwanza. Na yeye mwenyewe aliniambia siku moja tukifua nguo, bila hasira, kama mtu anayekuarifu bei ya kitu: "Nikirudia tena, mimi shule siendi. Nitakaa kwa bibi Newala." Namjua mwanangu. Akisema kitu kwa sauti ya chini hivyo, amekwisha amua.

Juni hiyohiyo mama mkwe akapiga simu. Wasichana wa ukoo waliofikia umri wanachezwa unyago likizo hiyo, na binti yetu ni miongoni mwao. Mume wangu aliniuliza kwa heshima, na mimi nikakubali bila kinyongo. Nimekaa huku miaka ya kutosha. Nimeshaona wanafunzi wangu wanakwenda jandoni na unyagoni na jina moja, wanarudi na jingine. Kwenye rejista ya mahudhurio napiga mstari juu ya jina la utoto, naandika jipya pembeni, naendelea na somo. Halijawahi kunigharimu chochote zaidi ya wino. Swali langu lilikuwa moja tu, kama atarudi kabla shule haijafunguliwa, kwa sababu nilihofia silabi zitamtoka.

Na hapo nilifanya jambo ambalo ukoo mzima wa mume wangu unalisimulia hadi leo. Nilimwomba mwalimu mkuu kishikwambi kimoja, nikakifunga kwenye kanga, nikakiweka chini ya begi la mtoto. Mama mkwe alipokuja stendi kumchukua, alilifungua begi kuona kama kuna sweta, maana Newala mwezi huo ni baridi. Akakitoa. Akakigeuza huku na huku.

"Na hiki nacho kinakwenda kuchezwa?" akaniuliza.

"Ni cha kusomea, mama. Dakika chache tu kwa siku, asisahau."

Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mtu. Nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa nimeumia, na nikarudi nyumbani na kishikwambi changu kwapani.

Siku ya kutolewa wali, yaani wasichana waliochezwa, nilikwenda Newala. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile, watu wamejifunika mashuka, na ngoma zinasikika kabla hujawaona wapigaji. Wasichana walitolewa wamefunikwa kanga mpya, wamepakwa mafuta wakang'aa, wakakalishwa kwenye mikeka vichwa vimeinama. Walichofundishwa ndani sikijui. Mimi si wa huko na sikuuliza. Nilimtambua wangu kwa vidole vya miguu tu. Kungwi akasimama, akawataja mmoja mmoja majina yao mapya. Lilipotajwa la mwanangu, wanawake wakapiga vigelegele na mimi nikapiga, mdomo wenyewe ulijua la kufanya.

Nyuma yangu mtu akasema, "Hongera, Mama," akamalizia na jina lile jipya. Sikugeuka. Nilidhani anazungumza na mwingine. Akanigusa bega, akarudia, nami nikageuka nikamwona jirani wa mama mkwe ananichekea kwa upendo, na ndipo nikaelewa kwamba mimi pia nimebadilishwa. Nilihisi nimefiwa na mama yangu kwa mara ya pili, katikati ya ngoma, na hakuna mahali pa kulilia. Nikamshika mkono yule mama nikasema ahsante.

Mama mkwe akanivuta pembeni. "Lile la utoto limeishia hapa," akaniambia. "Kuanzia leo anayemwita lile anamtukana. Hata wewe mama yake."

"Nimeelewa, mama."

Nilielewa jinsi ninavyoelewa waraka kutoka wilayani. Majina yenyewe sitayaandika hapa. La kwanza haliruhusiwi tena, na la pili ni lake, si langu kulitembeza.

Shule ikafunguliwa. Jumatatu ya kwanza nikawakusanya chini ya dirisha, nikawasha kishikwambi, nikamfungulia mwanangu ukurasa wake. Nilikuwa na roho juu kwa ajili ya silabi, kama zipo au zimepotea. Sungura akaruka na shati lake jekundu, akasema karibu tena, na sauti yangu, laini, ya kupendeza, ikamwita lile jina mbele ya wote.

Wenzake waliokwisha kuchezwa miaka ya nyuma walijifunika midomo. Mmoja akasema polepole, "Ametukanwa." Mwanangu aliweka kiganja juu ya spika. Kisha akakigeuza kishikwambi kifudifudi juu ya dawati, taratibu, kama mtu anayefunika chakula nzi wasikifikie, akanyanyuka akaenda kukaa mahali pake.

Mwanzoni niliona ni maringo ya mwali. Nikajua yatapita. Hayakupita. Nilizima sauti, lakini programu yote ni sauti. Ukiizima unabaki na sungura anayetikisa masikio bure. Nilimtafutia spika za masikioni ili asisikie mwingine, akazivua baada ya salamu ya kwanza na kunirudishia mkononi. Nilimpa muda wa peke yake, wenzake wakiwa uwanjani. Alikaa akakiangalia kioo bila kukigusa. Nikabembeleza, nikaahidi gauni, nikatishia. Nilifika mahali pa kumwambia kwamba sungura analia kwa sababu yake, na yeye akanitazama kwa huruma, mtoto wa miaka minane akinihurumia mimi kwa uongo wangu.

Nikapiga simu kwa watu wa programu. Kijana mmoja akapokea, mpole, akanieleza kwamba jina na sauti vikishaingizwa havibadiliki. Ninaweza kuufuta ukurasa wote na kufungua mwingine.

"Na pale alipofikia?"

"Ataanza upya, mwalimu."

"Upya wapi?"

"Kwenye a."

Nilimjibu neno ambalo mwalimu hapaswi kulijua, nikakata.

Sikuweza kufuta. Kila nyota kwenye ile njia niliitolea jasho, na nikaona mbele yetu miezi michache tu iliyobaki kabla ya kupimwa, anzia a, uje e, uje i. Nikiulizwa, hiyo ndiyo sababu niliyoitoa, na ilikuwa sababu ya kweli. Nyingine sikumwambia mtu, hata mume wangu. Mwanangu alikuwa haitwi tena lile jina nyumbani, wala sokoni, wala kwa bibi yake. Lilikuwa limebaki sehemu moja tu duniani, mle ndani, na lilikuwa linatoka kinywani mwangu.

Julai ikapita, Agosti ikapita. Kuku haikusomeka tena. Nilimwandikia ubaoni, kwa chaki, pasipo mashine yoyote, akaitazama na ule uso ukafungwa kama zamani. Nilirudi kwenye meza na rula. Mguu wa meza uliolegea ukatoka kabisa. Mume wangu akaurudishia kwa misumari Jumamosi. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Nilimwomba Mungu, nikamlaumu Mungu, nikaomba radhi. Darasani nikifundisha watoto wa wenzangu, wakinyoosha mikono "mimi mwalimu, mimi mwalimu," nilitamani niwafukuze wote nje.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Ni mtu mwema, na alikuwa anageuzageuza kalamu kwa kuona aibu. "Madam," akasema, "nikimpitisha wa kwako, wazazi wengine nitawaambia nini? Bado kuna muda kidogo. Ila kwa hali hii atarudia." Nilimwambia ni sawa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Newala peke yangu. Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka mama mkwe atoe ruhusa, kwa ajili ya ile mashine tu, mpaka mwisho wa mwaka. Nilimkuta ameinama uani anatandaza makopa ya muhogo yakauke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, akaniita Mama na jina jipya la mtoto. "Wa huko hawajambo?"

Nilimweleza yote, na miezi iliyobaki, na kurudia darasa. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo unataka mtoto atukanwe kila siku ili asome?"

"Ni mashine, mama. Haimtukani mtu."

"Mimi siwezi kuitoa ruhusa hiyo. Hata ningetaka. Si mimi peke yangu niliyemtoa."

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikasema kile ambacho sikukusudia kukisema. "Hilo mlilolitupa ni jina la mama yangu."

Sasa mikono ilisimama. Akajiinua, akajifuta unga kwenye kanga, na akaniangalia. Nilidhani atanifukuza.

"Nnajua," akasema. "Ulituambia siku ile ya kumtoa mtoto nje. Lilikuwa jina zuri, nasi tulimwita nalo tukifurahi. Na hili la sasa unajua ni la nani?"

Sikujua. Nilisikia tu kwamba ni la ukoo. Sikuuliza.

"Ni la mama yangu mimi," akasema. "Nimelisubiri tangu alipozaliwa. Na wewe hujalisema hata mara moja. Hapa umekuja umekaa, umesema mtoto, mtoto, mtoto. Nnakusikiliza."

Ni kweli. Nyumbani nilikuwa namwita wewe, namwita mwanangu, namwita njoo hapa, na sikuwa nimelitambua hadi lilipotajwa na mwanamke niliyekwenda kumlaumu. Akanifungia makopa kwenye mfuko nikapokea kwa mikono miwili, nikarudi Masasi na uso umenishuka.

Msinisubirie muujiza. Mwisho wa mwaka mwanangu hakufika walikofika wenzake, na alirudia la pili. Ninachotaka kukieleza kilitokea kabla ya hapo, Septemba, mikorosho ikiwa imeshaanza kuangusha korosho.

Nilirudi kutoka kisimani nikamkuta amekaa kitandani na begi lake. Alikuwa amekunja nguo zote, na sweta juu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa bibi."

"Na shule?"

"Nitarudia hata hivyo," akasema. "Nilikwambia nikirudia siendi. Na kwa bibi hawanitukani."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilikuwa nimechoka mpaka hasira zenyewe hazikuja. "Ile ni mashine," nikamwambia. "Haijui kama umechezwa. Haijui chochote."

"Lakini mama, sauti ni yako."

Hakuisema kwa kunilaumu. Alinieleza tu, kwa vile nilionekana sijui.

Nilimshika mkono tukaenda shule. Ilikuwa mchana wa Jumapili, hakuna mtu, mbuzi wa mlinzi tu. Nilifungua ofisi, nikachukua kishikwambi, tukakaa kwenye dawati chini ya dirisha. Kabla ya yote nikamwomba anisubiri nje kidogo. Akatoka bila kuuliza. Nikapunguza sauti, nikaiweka spika sikioni, nikaufungua ukurasa wake. Sungura akasema karibu tena, na nikalisikia jina la mama yangu mara moja. Halafu nikabonyeza futa. Programu ikauliza kama nina uhakika, kwamba maendeleo yote ya mwanafunzi huyu yataondolewa. Nikabonyeza ndiyo. Nyota zote zikazimika kwa pamoja na kioo kikabaki cheupe. Nilijifuta uso nikamwita aingie.

Programu ikataka jina la mwanafunzi mpya. Nikaweka vidole niandike, na vidole vikakataa. Nilibaki nimevinyoosha hivyo juu ya herufi. Mwanangu alingoja, kisha akakivuta kishikwambi upande wake. Kwa kidole kimoja akaanza. Alitoa sauti chini ya pumzi, akatafuta herufi yake kwenye kioo, akagusa. Akatoa sauti nyingine. Alipokosea, alijua mwenyewe kwamba amekosea, akafuta, akarudia sauti, akatafuta tena. Hakuna aliyemfundisha jina hilo kwa maandishi. Unyagoni hakuna ubao, na mimi sikuwa nimeliandika popote isipokuwa kwenye rejista ambayo yeye haioni. Alikuwa analisikiliza kichwani na kulipasua silabi kwa silabi, kama sungura alivyomfundisha na kama mimi nilivyokuwa nagonga meza nikidhani hasikii. Alipomaliza akakisogeza nikione, na lilikuwa sahihi lote.

Mwalimu ndani yangu alitaka kuruka. Mama ndani yangu hakuweza hata kusimama.

Kisha duara jekundu likatokea, na maneno: tamka jina la mwanafunzi.

"Litamke wewe," nikamwambia. "Ni lako."

"Hapana. Wenzangu wote umewaita wewe."

Nikafungua mdomo. Duara likawaka, likazimika. Kioo kikaandika: sauti haijasikika, jaribu tena. Nikajaribu tena, na koo likatoa upepo mtupu. Sauti haijasikika, jaribu tena. Mwanangu akanitazama usoni, akaona jambo ambalo sikutaka alione, na hakucheka. Akajisogeza kwenye dawati hadi bega lake likagusa langu. Akaweka kidole chini ya silabi ya kwanza ya jina lake, akaitamka polepole, akaningoja. Nikaifuata. Akasogeza kidole.